Alama ya Chaki ya Njano

19 Juni

Kaka yangu,

Wamenirudisha mlangoni mara mbili. Muuguzi wa wodi yenu ya walioungua anasema ngozi yako iko wazi, hata pumzi ya mgeni ni sumu, kwa hiyo nimwachie barua. Basi hii hapa. Na kama unajiuliza kwa nini sipigi simu, simu yangu niliibamiza ukutani siku ile ile ya moto, nikaimalizia kwa kisigino. Miaka tisa nimekula mkate wa simu. Sitaki kusikia mlio wake tena.

Tumemzika mume wangu Jumamosi. Nilitaka kumwona, Mkuu wa kituo chenu cha zimamoto akanishika bega: "Mama, mkumbuke alivyokuwa." Mtu mrefu vile, kaka, anainama kila mlango wa nyumba hii, na jeneza lake lilikuwa fupi. Nililiangalia lile jeneza fupi nikaelewa moto ulimfanya nini. Sikulia. Nilitapika mbele za watu.

Sasa niambie. Ninyi hampandi mtu mmoja mmoja. Mmeringa juu ya hilo mezani kwangu tangu niolewe, mdomo umejaa chakula changu: "Tunapanda wawili, tunashuka wawili." Ilikuwaje shemeji yako akapanda peke yake? Na wewe ulikuwa wapi?

Usinipunguzie kitu kwa kuwa ni mdogo wako. Siku ile nilikuwa kwenye chumba cha simu za dharura, watu wamepiga mayowe sikioni mwangu mpaka wakanyamaza. Hakuna utakaloniambia litakalonishinda.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa muuguzi. Mikono yangu imefungwa yote miwili, mimi nasema yeye anaandika. Mwandiko wake mzuri kuliko wako. Anasema nisimsifu, niendelee.

Moto ulianza ghorofa ya nane, saa nne asubuhi, watu wako makazini na majumbani. Jengo lina ghorofa ishirini na mbili. Gari letu lenye ngazi ndefu kuliko zote linafika ya kumi. Waliokuwa juu ya hapo tuliwafuata kwa miguu, mtungi wa hewa mgongoni, na njia ya ngazi ilikuwa moja tu: sisi tunapanda, wao wanashuka. Watu mia tatu kwenye ngazi moja yenye giza wanaacha kuwa watu. Ghorofa ya sita tulimkuta mwanamke kalala kifudifudi, mgongo wake umejaa alama za viatu. Tulimvuka na sisi. Ghorofa ya kumi na moja mwanamume alinirukia, akaing'ang'ania barakoa yangu. Nikamwambia, "Iachie, tutakufa wote." Hakuachia. Nilimpiga mkononi kwa mpini wa shoka, nikasikia mfupa ukivunjika, akaachia. Sijui kama alitoka.

Nje ilikuwa mbaya zaidi, kwa ajili ya walioruka. Dereva wetu aliangukiwa na mtu mzima kutoka ghorofa ya kumi na nne akiwa ameshika mpira wa maji. Walikufa pamoja, tukashindwa kujua damu ipi ya nani. Mlango wa kwenda paani ulikuwa na kufuli, watu tisa wamerundikana nyuma yake, kucha zimetoka. Na maji yenyewe, kuanzia ghorofa ya kumi na mbili yalikuwa yanatoka kama mkojo wa mzee. Muuguzi amekataa kuandika hivyo, nimemlazimisha.

Mimi na shemeji tulipewa ghorofa ya kumi na saba. Tulitoa watu saba, wazima. Tukashuka nao. Chini tukapotezana kwenye vurugu. Baadaye nikaambiwa kapanda tena. Nilimfuata, dada. Hilo ulijue. Nilifika ya kumi na sita, mlango wa korido ukapasuka usoni kwangu, na hiyo ndiyo habari ya mikono hii.

Kwa nini alirudi, sijui.

Kaka yako

(Mimi muuguzi: baada ya hapo akaniomba nifute sentensi mbili. Nimefuta. Samahani kuingilia.)


2 Julai

Kaka,

Mshukuru muuguzi kwa niaba yangu. Ana moyo kuliko wengi waliokuja matangani.

Watu wa kamati ya uchunguzi wamekuja na bahasha ya picha. Wameniwekea moja mezani: mlango wa chuma, ghorofa ya kumi na saba, chumba namba nne. Umeungua nusu, lakini alama inaonekana. Mistari miwili ya chaki iliyokatana. Ya njano.

Kanuni yenu hiyo naijua hata usingizini. Mstari mmoja ukiingia chumbani, wa pili ukitoka, na alama ikikamilika maana yake chumba kimepekuliwa, hakuna mtu, asirudi mtu. Na kila zimamoto ana rangi yake, ili kesho iulizwe nani alipita wapi. Wewe nyeupe. Mume wangu njano. Nimefua vumbi la njano kwenye mifuko yake tangu nimeolewa.

Ndani ya chumba hicho alikuwemo mama mmoja mshonaji, miguu yake haitembei. Wamemkuta nyuma ya mlango, na mume wangu juu yake, amemfunika. Kamati inasema hivi: alipiga alama mlango asioufungua, ndiyo maana yule mama akaachwa. Alipogundua kosa lake akapanda kwa siri kulificha, wakafa wote wawili. Hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye ripoti. Kikao cha mwisho ni tarehe 30, baada ya hapo inasainiwa.

Habari hazikungoja ripoti. Alhamisi mtoto wa yule mama, baba wa makamo, alikuja na wenzake watatu. Walianza na madirisha. Kisha mlango. Alinishika nywele akaniburuta mpaka uani, anapiga kelele majirani wote wasikie: "Mumeo kamchoma mama yangu! Kamwandikia kifo mlangoni!" Mwanangu mkubwa alitoka kunitetea, jiwe likampata juu ya jicho. Nyuzi nne. Usiku kucha anauliza swali moja: "Mama, ni kweli baba aliua?" Ana miaka tisa.

Wewe ulikuwa kwenye korido ile. Mume wangu ni mtu wa kuandika alama mlango asioufungua? Nijibu mimi, kisha uwajibu wao.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Leo naandika mwenyewe, kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, vumilia. Muuguzi anasema mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Nimesikitika sana kwa mpwa wangu. Nikitoka humu nitamtafuta huyo bwana aliyekushika nywele, na hiyo mikono yake haitashika kijiko tena, atalishwa uji. Hamia kwa shangazi kwa muda.

Kuhusu kamati, nakuomba usishindane nayo. Moshi hauna macho. Mtu akiwa mle ndani hajui mkono wake uko wapi, sembuse mlango. Shemeji alikuwa mtu mwema na zimamoto hodari, na hakuna atakayelifuta hilo. Lakini yeye hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo dunia ilivyo. Waache waandike waliyoyaandika, watu watasema mwezi mmoja, watapata moto mwingine wa kusimulia. Wewe fikiria watoto. Ukichimba sana unaweza kukuta kitu usichokitaka.

Mimi nitakuwa nyuma yako maisha yangu yote. Watoto wako ni wangu.

Kaka yako akupendaye


12 Julai

Kaka,

Asiyekuwapo na lake halipo. Umeniandikia mimi maneno hayo? Mimi, ambaye la mume wangu pekee nililobaki nalo ni jina lake?

Sikukuuliza habari za moshi. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, umenijibu kwa mistari ishirini. Tangu utoto ukisema sana ujue umevunja kitu.

Yule bwana usimguse. Yeye angalau alikuja kwa mlango wa mbele.

Kwa shangazi sihami. Nimeziba madirisha kwa mbao. Mlangoni wameandika MUUAJI kwa rangi, na nimeliacha neno hilo makusudi. Mpaka ijulikane ni la nani.

Usiniandikie tena kama huna la kusema.


16 Julai

Dada,

Ni langu.

Nimekaa na kalamu hii siku nne. Kila nikianza naona aibu hata mbele ya kitanda. Acha niseme haraka.

Ghorofa ya kumi na saba tuliigawa, yeye milango ya kushoto, mimi ya kulia. Chaki yangu ilidondoka kwenye ngazi nilipopigana na yule mtu wa barakoa. Nikamwambia shemeji sina chaki. Alicheka ndani ya barakoa, nilimsikia, akavunja yake katikati, akanipa nusu. "Ukiimaliza utanilipa nzima," akasema. Ndiyo maana alama ni ya njano.

Namba nne ilikuwa ya mwisho upande wangu. Kitasa kilikuwa cha moto hata kupitia glavu. Kipenga cha mtungi kilishaanza kulia, na kikilia una dakika chache uwe umeshuka au uwe maiti. Nyuma yangu kulikuwa na wale watu saba, mmoja ana mtoto mchanga ndani ya taulo lililoloa. Nikagonga mara tatu kwa ngumi. Hakuna aliyejibu. Nikajiambia chumba ni kitupu. Ningepiga mstari mmoja tu, kanuni ingenidai nirudi. Nikapiga yote miwili, nikageuka.

Shemeji aliniuliza, "Upande wako tayari?" Nikasema, "Tayari." Akatangaza kwenye redio kwamba ya kumi na saba imekwisha.

Walipoleta picha ya mlango hapa wodini, afisa wa kamati akasema, "Hii ni chaki ya marehemu, au siyo?" Nilisema ndiyo. Sikudanganya, dada, ilikuwa chaki yake. Nilijua ninachokifanya. Mwanamume mzima, zimamoto wa miaka kumi na nane, nikajificha nyuma ya maiti ya mume wako.

Nimeandika karatasi nyingine yenye maelezo hayo, nimeisaini, imo ndani ya bahasha hii. Ni ya kamati. Isome, uamue wewe. Ukitaka, wapelekee. Ukiona nimeteseka vya kutosha, ichome. Vyovyote utakavyoamua, nitakubali.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo


19 Julai

Bahasha yako nakurudishia.

Mimi si tarishi wa aibu yako. Unataka niibebe mimi, niisome mbele yao mimi, na nikishindwa niwe mimi niliyeshindwa. Umemwachia mume wangu kosa lako, sasa unaniachia mimi ukweli wako. Wewe utabeba nini?

Tena karatasi yako ina tundu. Nimeisoma mara sita. Umeungama kama mtu anayevua viatu tu na kusema amekoga. Kuna kitu umekibakiza pale mlangoni, na wewe unakijua.

Tarehe 30, saa tatu asubuhi, ukumbi wa halmashauri. Miguu yako haikuungua.


31 Julai

Dada,

Nimekwenda.

Daktari alinipa ruhusa ya muda wa saa tatu na muuguzi wa kunisindikiza. Sikukuona ukumbini. Labda ulikaa nyuma, labda hukuja, sikuthubutu kugeuka.

Nilisema yote niliyokuandikia. Chaki, ngumi tatu, mistari miwili, "tayari" niliyomjibu shemeji. Mwenyekiti aliacha kuandika. Mkuu wa kituo alikuwa ananitazama, kisha akaangalia dirishani, na najua hatanitazama tena. Nikadhani nimemaliza.

Ndipo mtoto wa yule mama akasimama. Hakupiga kelele. Akauliza, "Ulipogonga, mama alijibu?"

Dada, lile tundu lilikuwa hapo. Sijui ulilionaje.

Alijibu. Nilipogonga mara tatu, ndani kitu kiligonga sakafu, mara tatu pia. Taratibu. Kitu kama fimbo. Nilikisikia juu ya kipenga, juu ya moto. Na nilijiambia ni chuma kinachopasuka kwa joto. Sikusikia vibaya. Nilisikia vizuri, nikachagua. Nilikuwa naogopa kufa, basi. Hewa ingetosha kumtoa mtu mmoja. Labda isingetosha. Sikujaribu.

Nikamwambia: "Alijibu. Mara tatu."

Aliruka meza. Nilimwona anakuja, nikaweka mikono chini. Alinipiga ngumi mdomoni, nikaanguka, akanipiga mateke ya mbavu, ya uso, bandeji zikafunguka, sakafu ikachafuka. Askari walikuja pole pole, sidhani kama walikuwa na haraka. Wakati wanamvuta bado alikuwa anapiga hewa kwa miguu, analia kama mtoto. Mbavu mbili na meno matatu. Muuguzi ananifokea tangu jana kwa kazi niliyomharibia.

Ripoti itaandikwa upya. Mwenyekiti amesema wazi, mbele ya wote, kwamba alama ile haikuwa ya mume wako, na kwamba alirudi kumtafuta mtu aliyeachwa na mwenzake. Mimi nimeshavuliwa sare. Kuna mashtaka, yatakuja kwa wakati wake, nitayajibu.

Bado kuna kitu sikielewi, na sikukisema ukumbini. Shemeji alijuaje kwamba kuna mtu namba nne? Mimi nilimwambia tayari. Redio ilitangaza imekwisha. Nani alimrudisha?

Kaka yako


3 Agosti

Kaka,

Nilikuwa ukumbini, safu ya mwisho. Ulipoanguka nilisimama, kisha nikakaa tena. Nakwambia ujue.

Nani alimrudisha? Mimi.

Yule mama alipiga simu ya dharura, ikaangukia kwangu. Siku zile za mafuriko ya simu tunapewa dakika tatu kwa kila mtu, kisha tunakata tumpokee mwingine. Nilimwambia tunavyofundishwa: "Kaa ndani, loweka nguo, ziba chini ya mlango, wanakuja." Akaniambia, "Mwanangu, mtu amegonga. Nimemjibu kwa fimbo. Ameondoka." Dakika hiyo hiyo ubao wetu ukaandikwa: kumi na saba imekwisha. Msimamizi akaniambia huyo kachanganyikiwa na woga, kata. Nikakata. Lakini kabla sijakata nilikuwa nimempa namba ya simu yangu mwenyewe. Ni mwiko kazini, tunafukuzwa kwa hilo. Nilimpa.

Baada ya kama robo saa akapiga. Nikaiweka simu hiyo chini ya meza, bila kuikata. Kwa mkono mwingine nikampigia mume wangu kwa simu ya mezani. Alikuwa chini, amekaa kwenye ukingo wa barabara anakunywa maji. Nikamwambia kumi na saba, namba nne, yuko mtu. Akasema, "Hiyo ilikuwa ya kaka yako." Nikamwambia amtafute mwenzake. Akasema, "Hakuna muda," akakata.

Nilimsikia akifika, kaka. Nilisikia shoka mlangoni kupitia simu ya yule mama. Nilisikia mama akisema, "Umekuja." Kisha mume wangu akaichukua ile simu. Akasema korido imewaka nyuma yake, hakuna pa kutokea. Hakuwa na hofu kwenye sauti, au aliificha kwa ajili yangu. Akasema: "Mlango una alama ya chaki yangu. Nilimpa kaka yako nusu. Usimwambie mtu. Waache waseme ni mimi. Watoto watahitaji mjomba."

Baada ya hapo nilisikia yaliyobaki. Yalichukua dakika nne. Sikukata.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipokuandikia barua ile ya kwanza nilijua, na ya pili, na zote. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, kwa kuwa mimi nimefungwa mdomo na maiti. Kama tarehe 30 ingepita kimya, ningelitunza neno la mume wangu mpaka kaburini. Ningekukaribisha chai, watoto wangekurukia shingoni, na mimi ningekuwa nimeshakuzika ukiwa hai, bila wewe kujua kwa nini.

Jana nimekwenda kwenye kamati na langu. Nimewaambia ya simu, na kwamba ni mimi niliyempandisha peke yake. Wataniachisha kazi, sawa. Kisha nikaenda kwa mtoto wa yule mama, nikamweleza mama yake alisema nini mwisho, na kwamba hakufa peke yake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Leo asubuhi nimemkuta nje kwangu na ndoo na brashi, anasugua lile neno.

Mume wangu alikusamehe mle ndani ya moto kwa sentensi moja. Mimi si yeye. Nakuchukia sana asubuhi, nikiamka nikakuta upande wake wa kitanda ni mtupu. Kufikia jioni inapungua kidogo.

Wakikutoa hospitalini, njoo jioni.

Mdogo wako